Machozi kwa Nani? Mjadala Kuhusu Filamu za Kale za Uhalifu za Uingereza

Filamu za kale za Uingereza zimepata maisha ya pili, na maisha hayo yako majumbani. Mwaka 1946 Waingereza walikata tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.6. Kufikia mwaka 1984 tiketi zilikuwa zimeporomoka hadi milioni 54 hivi. Kumbi nyingi zilifungwa, nyingine zikageuzwa kumbi za bingo, na picha zilizokuwa zikizijaza zikahamia kwenye televisheni, kisha kwenye kanda, kisha kwenye diski na intaneti. Tangu mwaka 2015 Uingereza ina chaneli, Talking Pictures TV, inayojaza ratiba yake kwa filamu na tamthilia za zamani. Kwa njia ya diski na intaneti picha hizohizo zinatazamwa pia Mombasa na Nairobi, katika nyumba za watu ambao wazazi wao walikuwa chini ya utawala wa Uingereza wakati zilipokuwa zikipigwa.

Hapo ndipo penye swali. Je, filamu za uhalifu na za maisha zilizotengenezwa Uingereza tangu mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadi miaka ya 1960 zinastahili jioni zetu? Hoja nimezigawa katika sauti tatu nilizozitunga mwenyewe. Filamu, sheria na matukio wanayoyataja wasemaji ni ya kweli. Binti anahariri video kwa riziki yake, naye ndiye mtetezi. Shangazi yake alifundisha historia sekondari mpaka alipostaafu, naye anapinga. Wa tatu ni jirani yao, wakili wa kesi za jinai. Wamekaa sebuleni kwa Shangazi, Mombasa, baada ya sala ya isha. Mwishoni nitatoa kauli yangu.

Ufundi na anayeutumikia

BINTI: Shangazi, naanza mimi kwa kuwa mimi ndiye mwenye ombi. Tuchukue The Third Man ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Carol Reed kwa hati ya Graham Greene. Tuko Vienna baada ya vita, mji umegawanywa baina ya majeshi manne, na Harry Lime anauza penisilini iliyochujuliwa. Watoto wametibiwa kwa dawa hiyo, wengine wamekufa, wengine wameharibika akili. Polisi Mwingereza anampeleka rafiki yake Lime hospitalini akawaone. Reed hatuonyeshi mtoto hata mmoja. Anatuonyesha vitanda, nyuso za wanaotazama, na muuguzi akimtupa mwanasesere wa dubu. Kosa lote la Lime linaingia moyoni bila picha moja ya kidonda. Mimi kazi yangu ni kukata na kuunga picha, na kila siku naombwa niongeze damu, niongeze kelele. Filamu hii inanifundisha cha kuacha.

Halafu mwisho wake. Anna anatoka makaburini, anatembea njia ndefu kuelekea kwenye kamera, na yule rafiki wa Lime amesimama pembeni anamngoja. Anampita bila kumtupia jicho. Picha moja, haikatwi. Greene alikuwa ametaka wapatane, Reed akakataa, na baadaye Greene mwenyewe akaandika kwamba Reed ndiye aliyekuwa na haki. Leo nani angethubutu kumwachia mtazamaji muda mrefu hivyo bila tukio?

SHANGAZI: Ufundi siubishi, mwanangu. Ninachouliza ni ufundi huo ulikuwa unamtumikia nani. Wewe umechagua Vienna, mimi nakurudisha London. Tuchukue The Blue Lamp ya Basil Dearden, iliyotoka Januari 1950. George Dixon ni askari wa doria wa Paddington, mtu mzima, mpole, anakaribia kustaafu. Kijana mhalifu, Tom Riley, anampiga risasi mlangoni mwa jumba la sinema. Mji mzima unaungana na polisi kumsaka, hata wahalifu wa siku nyingi wanasaidia, mpaka Riley anakamatwa katikati ya umati kwenye uwanja wa mbio za mbwa wa White City. Waingereza walimpenda Dixon kiasi kwamba BBC ilimfufua: aliyekufa kwenye filamu akawa shujaa wa televisheni tangu mwaka 1955 hadi 1976.

Sasa tazama nani aliyeitengeneza. Polisi wa London walitoa ushirikiano wao. Mwandishi, T.E.B. Clarke, aliwahi kuwa askari wa akiba wakati wa vita. Msema pweke hakosi. Na miaka michache tu baada ya filamu hiyo, Oktoba 1952, dola hiyohiyo ya Uingereza ikatangaza hali ya hatari Kenya. Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa katika Operesheni Anvil, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu wakakamatwa na kuchujwa. Mama wa Kiambu hakumjua Dixon. Polisi aliyemjua ni yule wa kuvunja mlango usiku. Ndiyo maana ukiniambia nikae hapa jioni nimpende Dixon, moyo wangu unagoma.

BINTI: Lakini Shangazi, anayebaki akilini baada ya filamu ile ni nani? Mimi hubaki na Dirk Bogarde, yule Riley. Amevaa vizuri, ana bastola, na ana hofu ambayo hawezi kuificha. Filamu ilikusudiwa kumsifu polisi, lakini kamera ilivutwa na kijana. Nikiitazama kama mhariri, naona muda aliopewa na ukaribu wa uso wake. Wenye filamu walikuwa na lao, na filamu ikasema zaidi ya walivyotaka.

SHANGAZI: Na sauti ya msimulizi je? Kabla Riley hajafanya lolote tumeshaambiwa kwamba kuna aina mpya ya vijana wahalifu, hawana adabu hata ile ya wezi wenzao. Hukumu imesomwa kabla ya kesi kuanza. Wakili, mbona umenyamaza?

Seli ya mwenye hatia

WAKILI: Nilikuwa nawasikiliza. Mmebishana juu ya polisi, nami nataka tuende mbele zaidi, mahali ambapo polisi ameshamaliza kazi yake. Filamu yangu ni Yield to the Night ya mwaka 1956, mwongozaji J. Lee Thompson. Mary Hilton anampiga risasi mwanamke mwenzake barabarani mchana kweupe, kwa wivu wa mapenzi. Tunamwona akifanya hivyo mwanzoni kabisa. Baada ya hapo karibu filamu yote tumo naye katika seli ya wanaongoja kunyongwa.

Mary anachezwa na Diana Dors, mwigizaji ambaye magazeti ya wakati ule yalimjua kwa nywele za dhahabu na urembo. Humu hana rangi usoni, nywele zimelala, nguo ni ya jela. Taa ya seli haizimwi usiku wala mchana. Askari jela wa kike wanapokezana zamu, kwa sababu hairuhusiwi aachwe peke yake hata dakika moja. Wanacheza naye karata, wanamtengenezea chai, wanamshauri alale. Na katika seli hiyo kuna mlango wa pili ambao yeye anajua unakoelekea. Wote wanangoja barua moja: ama amesamehewa, ama tarehe iko palepale.

Watu wengi huiunganisha filamu hii na Ruth Ellis, mwanamke wa mwisho kunyongwa Uingereza, tarehe 13 Julai 1955. Lakini riwaya ya Joan Henry iliyozaa filamu ilitoka mwaka 1954, kabla ya kesi ya Ellis. Henry mwenyewe alikuwa amefungwa jela ya Holloway, kwa hiyo alijua milango ile inavyofungwa.

Mimi nimesimama mahakamani miaka mingi, na filamu hii naiheshimu kwa jambo moja. Wanaopinga kitanzi karibu wote huchagua mtu asiye na hatia. Hoja hiyo ni nyepesi, kwa sababu kila mtu anakubali kwamba asiye na hatia asinyongwe. Thompson alichagua mwenye hatia. Hakuna shahidi mpya atakayetokea, hakuna muuaji mwingine atakayepatikana dakika ya mwisho. Anakuuliza: sasa kwa kuwa unajua ameua, kaa naye hapa, uangalie serikali ikimwandaa kufa kwa jina lako. Je, bado unataka?

Sidai kwamba filamu iliangusha kitanzi. Sheria ya mwaka 1957 ilipunguza makosa ya kunyongewa, watu wa mwisho walinyongwa Agosti 1964, Bunge likasimamisha adhabu hiyo kwa kosa la mauaji mwaka 1965 na kuifuta moja kwa moja mwaka 1969, huku wananchi wengi wakiwa bado wanaitaka. Ninachosema ni kwamba watu walilipa tiketi wakakae seli moja na aliyehukumiwa, na hilo mahakama haiwezi kuwafanyia.

Na jambo hilo linatuhusu. Kosa la mauaji na adhabu yake ya kifo viliingia katika sheria zetu kutoka kwao. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, lakini hukumu ziliendelea kusomwa, na ni mwaka 2017 tu ambapo Mahakama ya Juu ilibatilisha ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji. Ukiwa Mkenya, filamu ya Mary Hilton inazungumza na wewe leo.

SHANGAZI: Wakili, umenipa nilichokuwa nakitafuta. Filamu yako ni ya mwaka 1956. Katika miaka ya hali ya hatari serikali ya kikoloni iliwanyonga watu zaidi ya 1,000 Kenya kwa makosa ya Mau Mau. Wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua. Chini ya sheria za hali ya hatari, kukutwa na silaha au risasi, kulisha watu kiapo, au kushirikiana na wapiganaji kuliweza kukupeleka kitanzini. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa kaburi lisilo na alama. Huo ni mwaka uliofuata baada ya Waingereza kumlilia Mary Hilton.

Nani alikaa seli moja na hao elfu? Nani alionyeshwa taa isiyozimwa, barua inayongojwa, mlango wa pili? Asiyekuwepo na lake halipo. Sisi hatukuwepo mbele ya kamera ile, na machozi ya filamu zao hayakutufikia.

Simba, na daktari Karanja

SHANGAZI: Tena naomba isisemwe kwamba hawakujua habari zetu. Walizijua, wakazipigia filamu. Inaitwa Simba, ya mwaka 1955, mwongozaji Brian Desmond Hurst. Mandhari yalipigwa Kenya, lakini Bogarde, mhusika mkuu, alicheza sehemu zake katika studio za Pinewood, Uingereza. Tukio la kwanza: Mwafrika yuko juu ya baiskeli, anamkuta mzungu amelala ana majeraha, anaomba msaada. Anashuka, unadhani atamsaidia, kumbe anammaliza kwa panga. Filamu haijafika dakika ya tano na mtazamaji wa London ameshafundishwa kwamba mtu mweusi haaminiki hata akiwa peke yake barabarani.

Muulize yeyote aliyeiona akutajie hoja ya aliyekula kiapo. Atakumbuka panga, atakumbuka moto na makelele. Muuaji wa London amepewa utoto, mapenzi, woga na majuto. Wa kwetu amepewa panga.

BINTI: Nimeiona, Shangazi, na tukio hilo la baiskeli siwezi kulitetea. Ila nakuomba umtazame Earl Cameron. Alizaliwa Bermuda mwaka 1917, akafika London mwaka 1939 akiwa baharia, akaingia kwenye maigizo, akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka 102. Katika Simba yeye ni daktari Karanja, aliyesoma, anayetibu watu wake, na ambaye baba yake ndiye kiongozi wa siri wa wapiganaji. Hati imemweka katikati ya walowezi wanaomdharau na wenzake wanaomwona msaliti. Cameron anayabeba yote mawili kwa mwili uliotulia na macho yasiyotulia. Kuna matukio ambapo hana maneno mengi, na wewe mtazamaji huwezi kuacha kumtazama. Kama ningeitupa filamu hii, ningemtupa na yeye, na watu kama yeye walikuwa wachache mno kwenye filamu za wakati ule.

SHANGAZI: Cameron namsifu bila kusita. Karanja aliyeandikiwa ndiye ninayemkataa. Wema wake unapimwa kwa ukaribu wake na walowezi, na mwisho anauawa na watu wa kwao, ili mtazamaji ajue kwamba Mwafrika mwema hana mahali Kenya isipokuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza.

WAKILI: Basi mfuateni Cameron miaka minne mbele, kwenye Sapphire ya mwaka 1959. Dearden yuleyule wa The Blue Lamp ndiye aliyeiongoza. Mwaka uliotangulia vijana wa kizungu walikuwa wamewashambulia wahamiaji wa Karibi mitaa ya Notting Hill. Filamu inaanza na maiti ya msichana, mwanafunzi, Hampstead Heath. Polisi wanamchukulia kuwa mzungu. Kisha ndugu yake anaingia kituoni, daktari, na ni Cameron, mtu mweusi. Kuanzia hapo kila ushahidi unasomwa upya. Sketi yake ya heshima ilikuwa na shimizi jekundu ndani yake. Sasa kila mtu ana tafsiri ya shimizi lile. Mwenye nyumba za kupanga anaanza kukana. Inspekta kijana, ambaye alikuwa mtu wa kawaida kabisa dakika chache nyuma, chuki yake inajitokeza kwa maneno ya kila siku. Kwa wakili hilo ni somo kubwa: ushahidi haujabadilika, kilichobadilika ni macho ya anayeupima. Filamu ilipata tuzo ya akademia ya filamu ya Uingereza kwa filamu bora ya Uingereza ya mwaka huo.

SHANGAZI: Na lile tukio la klabu ya dansi, linalodokeza kwamba ngoma ikilia, damu ya mtu mweusi hujifichua hata kama ngozi yake ni nyeupe? Hiyo ni imani ileile ambayo filamu inadai kuipinga. Zaidi ya hapo, Sapphire mwenyewe hasemi. Ni maiti na ni picha tu. Watu wote wanazungumza juu yake, wazungu kwa weusi, yeye hana sentensi yake.

BINTI: Hapo sina la kujibu, Shangazi. Ni kweli, na tangu leo sitaiangalia bila kulifikiria hilo.

Jumapili ya Bethnal Green

BINTI: Lakini niambie ukweli, hakuna hata moja uliyoipenda?

SHANGAZI: Iko. It Always Rains on Sunday ya mwaka 1947, ya Robert Hamer, kutoka studio za Ealing. Rose anaishi Bethnal Green, mashariki mwa London, ameolewa na mume aliyemzidi umri, analea watoto wa kambo waliokua. Asubuhi ya Jumapili mvua inanyesha, na mchumba wake wa zamani, aliyetoroka jela ya Dartmoor, amejificha kwenye handaki la uani lililobaki tangu siku za mabomu. Anamwingiza ndani, anamficha chumbani, na huku chini lazima chakula cha mchana kiive, wasichana wanaingia na kutoka, mume anataka kuoga kwenye beseni la bati jikoni. Uhalifu wote umejibana ndani ya kazi za nyumbani. Googie Withers aliyemcheza Rose anaogopa huku anamenya viazi, na kila mwanamke aliyewahi kuficha jambo zito ndani ya nyumba yenye watu atamwelewa.

Filamu hii ningeifundishia darasani, na nitakwambia kwa nini. Sisi huku tuliletewa mzungu mmoja tu: tajiri, ametulia, anatoa amri. Huyu wa Bethnal Green anapanga foleni. Chakula kwao kilikuwa cha kadi ya mgao mpaka mwaka 1954. Watu wanabanana vyumbani, wanagombana kwa vitu vidogo, wanaibiana. Wakati dola yake inatawala sehemu kubwa ya dunia, Rose hana nguo ya maana. Mwanafunzi akiliona hilo, ataanza kuuliza ukoloni ulimnufaisha nani hasa hata kwao wenyewe.

WAKILI: Kwa hiyo kuna filamu zinazopita kwako?

SHANGAZI: Zipo zinazosema ukweli juu ya watu ambao ziliwajua. Ubaya unaanza zinaposema juu ya watu ambao hazikuwajua wala hazikuwauliza.

Namna ya kutazama

WAKILI: Tugeukie sebule yenyewe, maana siku hizi filamu hizi zinatazamwa nyumbani. Kule kwao, siku za kumbi, ulikaa gizani kimya mpaka mwisho, wimbo wa taifa ukapigwa, watu wakasimama. Filamu ilikuwa na neno la mwisho. Hapa rimoti iko mkononi mwa Shangazi.

BINTI: Na hilo ndilo linaloibadilisha kazi nzima. Nyumbani unaweza kusimamisha picha uso wa mtu ukiwa umejaa kioo, ukauliza. Lakini kwanza picha yenyewe iachwe kama ilivyo. Nyingi za miaka ya 1940 zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, kwa hiyo pande mbili za kioo zitabaki nyeusi. Usiinyooshe ijaze, utawanenepesha watu na kuharibu mpangilio wa mpiga picha. Kwenye mipangilio ya televisheni zima ile inayolainisha mwendo wa picha, maana huifanya filamu ionekane kama taarifa ya habari. Punguza taa za chumba. Robert Krasker, mpiga picha wa The Third Man, alipata tuzo ya Oscar kwa vivuli vile, na vivuli haviwezi kuonekana chini ya taa ya dari. Washa maandishi ya chini ya picha, kwa sababu Kiingereza cha mitaa ya London au Manchester ya wakati ule kinamshinda hata aliyesomea lugha hiyo. Na vumilia mwanzo wake. Filamu hizi hukupa watu kabla ya kukupa tukio.

Tena chagua. Sheria ya mwaka 1927 iliwalazimisha wasambazaji na wenye kumbi wa Uingereza kuonyesha kiwango fulani cha filamu za nyumbani, na matokeo yake zikafyatuliwa picha nyingi za bei rahisi ili mgao utimie. Hata baadaye, zile za Edgar Wallace zilizopigwa studio za Merton Park miaka ya 1960, za saa moja hivi kila moja, zilitengenezwa zitangulie filamu kubwa. Kuna nzuri kati yake, na kuna zisizostahili umeme. Ukongwe peke yake haumpi mtu sifa.

SHANGAZI: Na watoto? Damu humo ni kidogo kuliko wanayoiona kila siku. Jeraha liko kwenye maneno. Kuna matusi ya rangi yanayotamkwa kama salamu. Mtoto asikutane nayo peke yake.

BINTI: Yakatwe?

SHANGAZI: Hapana, yasikatwe. Ukiyakata, mtoto atakua akidhani yale hayakusemwa, na siku akiambiwa na wazee wake atawaona waongo. Mwambie kabla, kaa naye, mweleze baadaye. Ushahidi haufutwi.

WAKILI: Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Nami naongeza: msitazame moja moja. Kesi haisikilizwi kwa shahidi mmoja. Ukitazama The Blue Lamp, wiki hiyohiyo tazama Sapphire, uone mwongozaji mmoja alivyowaangalia polisi baada ya miaka tisa. Ukitazama Yield to the Night, tazama na Simba.

SHANGAZI: Kwa sharti hilo nitakaa. Lakini msinitake nipende. Nitakaa kama msahihishaji wa mitihani.

Kauli ya mwandishi

Mimi nasimama upande wa kuzitazama, na hoja iliyoniamua ni ya Shangazi.

Alipouliza nani alikaa seli moja na watu elfu wa Kenya, aliuliza swali ambalo Yield to the Night ndiyo iliyolipa sura. Filamu ile ilidai kwamba hata aliyeua ana haki ya kuonekana saa zake za mwisho: chai anayoinywa, usingizi unaomkataa, mtu anayemshika mkono. Ikishakubaliwa kwa mwanamke mmoja wa London, haiwezi kufungiwa London. Inavuka mpaka Kamiti, na huko inakuta hesabu ambayo waliotengeneza filamu hizo hawakuilipa. Filamu bora za Uingereza za enzi ile ziliweka kipimo cha huruma, na kwa kipimo hichohicho tunaweza kulipima taifa lililozizaa. Mtu asiyezitazama anajinyima kipimo hicho. Anayezitazama kwa kustarehe tu amekiona akakiacha mezani.

Ndiyo maana sebule inafaa kuliko ukumbi ulivyofaa. Ukumbi ulimtaka mtazamaji anyamaze mpaka mwisho. Sebuleni kuna shangazi anayejua tarehe, jirani anayejua sheria, kijana anayejua kamera ilikaa wapi na kwa nini, na filamu inasimama kuwangoja wabishane. Natamani nyumba nyingi zifanye hivyo, kwa sauti, watoto wakisikia. Kila filamu iulizwe maswali mawili: umemkaribia nani, na ni nani uliyempita bila kumtazama?

Na baada ya maswali hayo kuna kazi. Hatia ya kutoonyeshwa kwa wale elfu ni ya watu wa zamani, lakini kamera leo ziko mikononi mwetu. Kina Binti wanaojifunza subira kutoka kwa Reed na Thompson wana seli ya kuingia: ile ya kijana aliyekutwa na risasi mfukoni mwaka 1954, akangoja barua. Nataka filamu hiyo ipigwe kwa uangalifu uleule aliopewa Mary Hilton, ionyeshwe sebuleni kwa Shangazi, na akishaiona aulizwe yeye kwanza kama tumesema kweli.